Testosteroni Huru: Uliza Imepimwaje Kabla ya Kukubali Sindano

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru alinitumia picha ya karatasi ya maabara. Ameoa juzijuzi, wanatafuta mtoto, na kliniki aliyoenda imemwambia testosteroni yake huru, yaani ile homoni ya kiume isiyoshikwa na kitu kwenye damu, iko chini, aanze sindano mara moja. Alichotaka kwangu ni kujua sindano hizo zinapatikana wapi kwa bei nafuu. Nilimpigia simu papo hapo. Sisi wanaume tunaosomana hapa tunatafuta mambo yaleyale: mwili wenye nguvu, nyumba iliyotulia, biashara inayosonga. Wauzaji wa sindano wanalijua hilo vizuri.

Jambo la kwanza nililomwambia ni hili, na ningependa kila anayetafuta mtoto alishike: testosteroni ya sindano hupunguza mbegu za kiume. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, hupunguza LH na FSH, zile homoni zinazoamrisha korodani kufanya kazi. Wapo wanaofika hatua ya kutokuwa na mbegu hata moja, na kurudi katika hali ya kawaida kunaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kijana alinyamaza kwa muda. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anatafuta mtoto.

Mimi mwenyewe walitaka kunichoma. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, na kuna kipindi uchovu ulinishika ambao kulala hakukuutoa. Naamka nimechoka, mchana nasinzia mbele ya wateja, tumbo limetangulia, na chumbani mambo yamepoa. Mama watoto akaniambia, kwa upole, nikapimwe. Kliniki niliyoenda waliniambia nije saa yoyote. Nikafika alasiri, nimetoka kula mbuta na ugali, na soda baridi juu yake. Wakatoa damu. Majibu yalipokuja, mhudumu alinisomea pale mapokezini, watu wamekaa kwenye benchi wanasikia: "Mzee, homoni za kiume zimekuishia. Hii ni sindano ya maisha."

Kwenye lile benchi alikuwepo mtu anayenijua. Kabla wiki haijaisha, habari ilikuwa imefika kwenye chama chetu. Hakuna aliyenitukana, lakini utani ulianza, na shemeji yangu mmoja alinipa anwani ya muuza mizizi wa Kibuye mbele ya watoto wangu. Hilo bado linaniuma. Siri ya mgonjwa si jambo la kusomwa kwa sauti mapokezini.

Lakini sindano nilikataa. Nikasema nipeni karatasi yangu, nikaondoka. Nina mpwa wangu Eldoret, mtaalamu wa maabara. Nikampigia picha karatasi, nikamtumia, naye akajibu kwa swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Mjomba, hiyo huru wameipimaje?"

Alinifafanulia hivi. Testosteroni iliyo ndani ya damu haitembei yenyewe. Sehemu kubwa imeshikwa na protini. Protini moja, ambayo maabara huiita SHBG, huishika kwa nguvu sana, kama akiba ya sacco ambayo huwezi kuitoa mpaka ujiondoe uanachama. Nyingine, albumini, huishika kwa ulegevu, na mwili unaweza kuipata. Inayobaki bila kushikwa na chochote ndiyo huru, nayo ni kama asilimia 2 hadi 3 tu ya yote. Kupima kitu kidogo hivyo ni kazi ngumu. Njia inayoaminika zaidi ni ile ya dayalisisi, ambapo damu huwekwa upande mmoja wa kiwambo chembamba kwa joto la mwili, nyuzi 37, ikaachwa saa nyingi mpaka testosteroni huru ipenye na kulingana pande zote mbili, ndipo ipimwe. Ni maabara chache zinazofanya hivyo. Nyingi hutumia kipimo cha haraka cha moja kwa moja, ambacho ni rahisi, lakini wataalamu wamekilalamikia miaka mingi kwamba majibu yake hayaaminiki. Kwa mtu ambaye SHBG yake iko chini, kinaweza kuonyesha upungufu ambao haupo.

Na nani SHBG yake huwa chini? Mwenye kitambi, mwenye kisukari cha aina ya pili, mwenye tezi la shingoni lililozubaa. Yaani mimi, kwa tumbo lile.

Mpwa wangu akanipangia. Niende asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kwa sababu testosteroni hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga, hasa kwa vijana. Niende bila kula, kwa sababu chakula, na sukari zaidi, huishusha kwa muda. Nisiende nikiwa mgonjwa. Hapa kwetu kando ya ziwa nasisitiza hilo: malaria ya wiki hii inaweza kuangusha homoni yako bila korodani kuwa na shida yoyote. Subiri upone kabisa. Kisha nirudie asubuhi nyingine, siku tofauti. Na badala ya kuomba "huru" peke yake, niombe vitu vitatu: testosteroni yote, SHBG na albumini. Kutokana na hivyo vitatu, ile huru hukokotolewa kwa kanuni aliyoichapisha Alex Vermeulen na wenzake wa Ubelgiji mwaka 1999. Vikokotoo vyake vipo bure kwenye intaneti.

Nilifanya vyote, kwenye maabara nyingine. Testosteroni yote ilikuwa 11.6 nmol/L, SHBG 16 nmol/L, albumini 43 g/L. Asubuhi ya pili majibu yalikaribiana sana na hayo. Testosteroni yote ilikuwa kwenye eneo lenye utata: madaktari wa Ulaya huona juu ya 12 kuwa sawa, chini ya 8 kuwa upungufu, na katikati hapo ndipo wanataka huru ikokotolewe. Yangu ilitoka 327 pmol/L, ilhali mpaka wa chini wanaoutumia ni kama 220. Nilikuwa sawa. Nilikuwa sawa kabisa, na kuna watu walikuwa wamenizika.

Angalia pia vizio vinavyoandikwa kando ya namba. Ile 327 ukiigeuza kwa pikogramu kwa mililita (pg/mL) ni kama 94. Karatasi ya kwanza ilisema 5.2, kwa pikogramu zilezile! Kipimo cha haraka hutoa namba ndogo sana na kina kiwango chake cha kulinganishia, kwa hiyo usichukue namba ya maabara moja ukailinganisha na kiwango cha nyingine. Na ukikuta testosteroni yote imeandikwa kwa ng/dL, gawanya kwa 28.85 upate nmol/L.

Uchovu wangu ulikuwa na sababu nyingine. Daktari alikuta sukari iko juu, na mama watoto alipoeleza ninavyokoroma na kukatika pumzi usiku, tukapata sababu ya pili. Nimepungua uzito, nalala, nafanya kazi. Nilijitetea mwenyewe wakati kila mtu alitaka nikubali, na ninajivunia hilo.

Upande wa pili upo pia, na nisipouandika nitakuwa nimewadanganya wengine. Kuna wanaume ambao SHBG yao iko juu: wenye umri mkubwa, wenye ugonjwa wa ini, wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa. Kwao testosteroni yote inaweza kuonekana nzuri ilhali huru iko chini. Anaambiwa hana kitu, arudi nyumbani, na anaendelea kuteseka. Nyanza tuna ndugu wengi wa namna hiyo, nao wana haki ya kupimwa SHBG sawa na mimi.

Kwa hiyo wanaume wenzangu, asubuhi, bila kula, mara mbili. Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa mwaka 2018 unasema hivyohivyo. Ukiona mtu anakutolea damu alasiri, mara moja, kisha anafungua bomba la sindano, inuka. Mwili ni wako. Usiogope kuuliza swali la mpwa wangu, hata kama aliye mbele yako amevaa koti jeupe.

Na kama umepimwa vizuri mara zote mbili na bado iko chini, na dalili unazo, usione haya, matibabu yapo. Daktari atapima LH na FSH kwanza. Zikiwa juu, shida iko kwenye korodani. Zikiwa chini au za wastani, atatazama tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, pamoja na prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo. Kabla ya sindano ya kwanza apime hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kwa sababu dawa hii inaweza kuzidisha chembe nyekundu na kuifanya damu iwe nzito, na airudie baada ya miezi 3 hadi 6.