Somo la kompyuta bila bando: nilivyofanya darasani kwangu

Mwaka wa kwanza nilipopewa kufundisha kompyuta kidato cha kwanza, niliandaa kipindi kizuri sana kwenye karatasi. Wanafunzi 42, kompyuta tisa, na intaneti ya simu yangu. Nilitaka kila kundi lifungue tovuti moja ya bure. Hata dakika kumi hazikufika, bando la siku nzima likaisha na kurasa hazijafunguka. Nikamalizia kipindi kwa kuchora kibodi ubaoni. Wapo walimu wengi wanaofundisha hivyo hadi leo, na siwalaumu, lakini mtoto aliyechorewa kipanya ubaoni bado hajashika kipanya.

Tangu siku ile nimejiwekea sharti moja: zana ninayoingia nayo darasani lazima ifanye kazi hata intaneti ikikatika. Za namna hiyo zipo, na ni za bure kabisa.

Mimi huanza na Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 ili watoto wajifunze kuandika programu kwa kupanga vipande vya maagizo kwenye skrini. Unaipakua mara moja, unaiweka kwenye flashi, kisha unapita nayo kompyuta moja baada ya nyingine. Haidai akaunti wala barua pepe. Hilo nalijali sana, kwa sababu sitaki mtoto azoee kwamba kabla ya kujifunza lolote ni lazima atoe jina lake na namba ya simu ya mama yake. Kagua kompyuta zenu kwanza: toleo jipya linahitaji Windows 10 na kuendelea, hivyo mashine kuukuu ziwekee toleo la zamani kama 1.4. Kwenye toleo jipya, sehemu ya lugha iko juu kushoto, na Kiswahili kimo.

Watoto watataka michezo ya kukimbizana. Wape mraba kwanza. Ongeza kalamu kwa kitufe cha chini kushoto, halafu wamwagize paka wa Scratch aliye kwenye skrini: shusha kalamu, kisha nenda hatua 100, geuka digrii 90, rudia mara 4. Mraba ukitokea darasa zima hupiga kelele. Ukiisha, waambie wachore pembetatu yenye pande sawa, bila kuwasaidia.

Msichana mmoja, ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anainua kipanya hewani akitaka mshale upande juu, aliandika digrii 60, rudia mara 3. Mstari ukapinda kama bakuli na haukufunga. "Madam, kompyuta imekosea. Pembe za pembetatu si 60?" Nilimchorea mstari sakafuni kwa chaki, nikamwambia atembee yeye badala ya paka. Alipofika kwenye kona alisimama, akatazama mbele, akatazama alikotakiwa kwenda. Akaona kwamba anatakiwa kugeuka zaidi sana ya 60. Akarudi mbio, akaandika 120, pembetatu ikafunga. Jirani yake akarudisha 60, akaweka marudio 6, akapata umbo la pande sita. Hesabu ya pembe za nje niliyokuwa nimewafundisha kwa wiki nzima iliwaingia pale.

Walimu wenzangu, nawaomba: msishike kipanya cha mwanafunzi, hata kama anachelewa. Nami nilikuwa nikifanya hivyo, na nilikuwa namnyang'anya somo lake. Kama mashine ni chache, gawa darasa. Nusu waandike maelekezo yao kwenye daftari, nusu wakae kwenye kompyuta, wabadilishane katikati ya kipindi.

Zana ya pili ni Kiwix. Hii hukuwezesha kuhifadhi Wikipedia ya Kiswahili yote kwenye kompyuta, au hata kwenye vile vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022, na kuisoma bila intaneti. Niliwaambia kila mmoja atafute kata yake. Mvulana mmoja alikuta sentensi chache tu, pamoja na idadi ya watu ya sensa ya 2012. Akauliza mbona sensa mpya imeshafanyika. Nikamrudishia swali: nani ameandika hapa, na aliandika lini? Kipindi chote kilichobaki tulizungumzia hilo tu, na sikujutia hata dakika moja. Kujua kubofya ni sehemu ndogo ya elimu hii. Mtoto anayehoji maandishi ya kwenye skrini ndiye ninayemtafuta.

Kwa walimu wa fizikia, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado ina majaribio mengi unayoweza kuyapakua na kuyafungua kwenye kivinjari, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Sakiti ikiungua humo, hakuna balbu ya shule iliyopotea. Shule yenye ruta iweke Kolibri, programu ya kuhifadhi masomo, kwenye kompyuta moja, nyingine zichote masomo humo bila intaneti. Ila usilete vyote muhula mmoja. Mimi nilikaa na Scratch peke yake kuanzia Januari hadi Juni.

Flashi yangu ya GB 32 sasa ina Scratch matoleo mawili, Kiwix na faili lake la Kiswahili, na majaribio kumi ya PhET. Mwalimu akija ofisini na kompyuta yake, namnakilia palepale, kisha namkalisha achore mraba kabla hajaondoka.