Nasinzia Nikiomba

SWALI: Mchungaji, mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Asubuhi nikipiga magoti nasinzia kabla ya amina. Je, mbele za Mungu mimi simtafuti kwa bidii?

JIBU: Dada yangu, asiyemtafuta Mungu hahangaiki hivi. Ahadi ya Yeremia 29:13, kwamba tutamwona tukimtafuta kwa moyo wote, imo katika barua kwa watu waliohamishwa Babeli, mbali na hekalu na ibada zake. Barua hiyohiyo iliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji ule, maana uhamisho ungechukua miaka 70. Walipaswa kumtafuta katikati ya kazi na uchovu!

Basi usiingoje asubuhi. Omba kabla ya zamu, ungali na nguvu. Soma Zaburi ya 63 kwa sauti, polepole. Inataja makesha ya usiku, nawe unayajua. Ukimgeuza mgonjwa, mtaje kimoyomoyo kwa Bwana. Hiyo ni sala kamili. Asubuhi lala bila hatia: Eliya alipolala chini ya mretemu, malaika alimwamsha ale, hakumkemea. Ibada ndefu iwekee siku yako ya mapumziko, na simu iache chumba kingine.