Kompyuta imetoa 0.12: je, mbolea haihusiani na mavuno ya viazi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Iringa. Kwa ajili ya tasnifu yangu nilikwenda Makete, nikawahoji wakulima 42 wa viazi mviringo. Kila mmoja nilimwuliza alitumia mifuko mingapi ya mbolea kwa ekari na alivuna magunia mangapi. Kompyuta imenipa r ya 0.12 na p ya 0.45. Msimamizi wangu anataka niandike kwamba hakuna uhusiano kati ya mbolea na mavuno, lakini wakulima wale wale walinihakikishia kwamba pasipo mbolea hawapati kitu. Nimwamini nani? Na kama r ingekuwa 0.8, ningeruhusiwa kuandika kwamba mbolea ndiyo iliyoongeza mavuno?

JIBU: Marahaba. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika, kwa sababu wakulima wako na kompyuta yako huenda wote wanasema kweli.

Kipimo hiki tunachokiita r kilipewa umbo lake la sasa na Mwingereza Karl Pearson katika miaka ya 1890, akiendeleza kazi ya Francis Galton. Nacho hupima jambo moja tu: ni kwa kiasi gani nukta za vigeu viwili, kwako mbolea na mavuno, zinakaribia kujipanga juu ya mstari mmoja ulionyooka. Ikiwa 1, nukta zote zimo juu ya mstari unaopanda. Ikiwa -1, zote zimo juu ya mstari unaoshuka. Sifuri nayo humaanisha kwamba hakuna mstari mnyoofu wa kupanda wala wa kushuka unaozifaa nukta hizo. Haimaanishi kwamba vigeu hivyo havihusiani, na hapo ndipo msimamizi wako alipokwenda mbali kuliko takwimu zako zinavyoruhusu.

Chukua karatasi tufanye hesabu ndogo kwa mkono. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano, lakini kanuni ni ile ile ambayo kompyuta yako imeitumia. Wakulima watano wametumia mifuko 0, 1, 2, 3 na 4 kwa ekari, wakavuna magunia 20, 35, 40, 35 na 20. Wastani wa mifuko ni 2 na wa magunia ni 30. Toa wastani katika kila namba: mifuko inabaki -2, -1, 0, 1 na 2, magunia yanabaki -10, 5, 10, 5 na -10. Sasa zidisha kila jozi: 20, -5, 0, 5 na -20. Jumlisha, utapata sifuri kamili, na kwa hiyo r ni sifuri kamili. Hata hivyo, mtu yeyote akizitazama namba hizo anaona kwamba mbolea na mavuno vimefungamana sana: mavuno yanapanda hadi mfuko wa pili, kisha yanashuka. Ukiwachukua wakulima watatu wa kwanza peke yao, r inaruka hadi 0.96.

Mfano huo haukutoka hewani. Naitrojeni ikizidi, mmea wa kiazi hukimbilia kujaza majani, na viazi vilivyo ardhini huchelewa kunenepa. Mkulima anayesema kwamba pasipo mbolea hapati kitu anazungumzia mwanzo wa mkunjo huo, ilhali r yako huenda imechanganya mwanzo na mwisho wake.

Kwa sababu hiyo, kazi yako ya kwanza ni kuchora. Weka mifuko kwenye mhimili wa chini na magunia kwenye mhimili wa wima, kisha tia nukta 42, moja kwa kila mkulima. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga makundi manne ya data, kila moja likiwa na jozi 11, ambayo wastani zake zinalingana na r zake zote ni karibu 0.82. Yakichorwa, kundi moja ni mtawanyiko wa kawaida, la pili ni mkunjo, la tatu ni mstari uliovutwa na nukta moja iliyokaa pembeni, na la nne ni nguzo ya wima yenye nukta moja ya mbali inayoubeba uhusiano wote. Anayesoma r pekee hawezi kuyatofautisha.

Ukikuta nukta iliyojitenga, usiifute. Rudi kwenye dodoso. Nimewahi kukaa siku mbili na data ya mtafiti mmoja kabla ya kugundua kwamba magunia 40 yaliingizwa kama 400, na sifuri hiyo moja ilikuwa imebadili matokeo yote. Ukiona mavuno yanapanda bila kushuka ila si kwa mstari mnyoofu, tumia kipimo cha Spearman cha mwaka 1904, ambacho hutazama nafasi ya kila mkulima katika safu badala ya kiasi chenyewe. Lakini kwa mkunjo unaopanda kisha kushuka, hata Spearman hatakusaidia. Kwa wale wakulima watano naye anatoa sifuri. Hapo itakubidi utumie mlinganyo wenye mifuko pamoja na kipeo chake cha pili, yaani idadi ya mifuko ikizidishwa kwa yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wewe uliyefika Makete utalielewa upesi kuliko mtu wa mbali. Uliuliza magunia, lakini gunia lipi? Mmoja amekuhesabia gunia la kawaida, mwingine amekuhesabia lumbesa iliyofungwa kwa kilemba cha kamba hadi inatisha kuibeba. Namba 30 kwa mmoja si 30 kwa mwingine. Makosa ya vipimo ya namna hii, yakitokea ovyo bila kufuata mwelekeo, huisukuma r kuelekea sifuri hata pale ambapo uhusiano ni wa kweli. Kama una simu za wakulima hao, wapigie uulize gunia lao lilijaa ndoo ngapi, kisha ugeuze majibu yao kuwa kilo.

Kuhusu p ya 0.45, maana yake ni kwamba, kama kusingekuwa na uhusiano wowote wa mstari, bahati peke yake ingeweza kukupa r ya ukubwa huo au zaidi karibu mara 45 katika 100. Kwa wakulima 42, r inahitaji kufika takribani 0.30 ndipo p ishuke chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka katika utafiti. Kushindwa kuikataa nadharia tete tupu, yaani dhana kwamba hakuna uhusiano, si kuithibitisha.

Swali lako la pili nalijibu kwa uthabiti: hapana, hata r ikiwa 0.8. Mkulima mwenye mtaji hununua mbolea, lakini pia hununua mbegu bora, hupulizia dawa ya ukungu kwa wakati na hulipa vibarua wa palizi. Mavuno yake yakiwa makubwa, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo lililoyaleta. Unaweza kupunguza utata huo kwa kuwagawa wakulima, waliopulizia dawa upande wao na wasiopulizia upande wao, kisha kutazama uhusiano ndani ya kila kundi. Ili kusema kwamba mbolea ndiyo sababu, ni lazima mtafiti mwenyewe aamue kwa kura ni kipande kipi cha shamba kipate kiasi gani, utaratibu ambao mtakwimu Ronald Fisher aliujenga katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1920. Wewe ulihoji, hukugawa mbolea.

Basi, kama mchoro hautaonyesha mkunjo, mpelekee msimamizi wako sentensi hii pamoja na mchoro wenyewe: “Katika sampuli ya wakulima 42, hakukuonekana ushahidi wa kutosha wa uhusiano wa mstari mnyoofu kati ya mifuko ya mbolea na mavuno yaliyotajwa na wakulima (r = 0.12, p = 0.45), na ujazo wa magunia haukuwa sawa.” Mkunjo ukionekana, niandikie tena uambatanishe data, ukiwa umeondoa majina ya wakulima.