Sindano imenivuruga hedhi: nihamie njia gani ya uzazi wa mpango, na swala zangu je?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Wawili wa mwisho nimewapata kwa upasuaji. Mdogo ana miezi saba na bado ananyonya. Presha ilinipanda katika mimba hii na mpaka leo natumia dawa. Baada ya arobaini nilianza sindano ya miezi mitatu, nimeshachomwa mara mbili. Baada ya ile ya pili damu ilianza kutoka na haijakatika, leo ni siku ya 40, rangi ni ile ile moja. Kabla ya mimba hedhi yangu ilikuwa siku 6 kila mwezi. Siku zote hizi sijaswali. Nesi ananishauri nihamie kitanzi au kijiti. Mume wangu anataka niache yote turudi kwenye kalenda na kumwaga nje. Mama mkwe anasema nimeua watoto, ndiyo maana damu haikatiki. Na daktari aliyenipasua alisema nikirudi kwake mara ya tatu afadhali nifungwe kizazi kabisa. Tarehe ya sindano nyingine imekaribia na Ramadhani hiyo inakuja. Nishike lipi?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, umeuliza mengi kwa pumzi moja. Nitaanza na lile ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ndilo zito kuliko yote: siku 40 bila swala.

Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hedhi haipungui mchana na usiku mmoja wala haizidi siku 15, na twahara, yaani usafi kati ya hedhi mbili, haipungui siku 15. Damu ikivuka siku ya 15, mwanamke huyo yumo kwenye istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na hukumu yake si ya mwenye hedhi. Bibi Fatima bint Abi Hubaysh alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba hatwahariki, je, aache swala? Akamwambia hapana, huo ni mshipa, si hedhi. Hedhi ikija acha swala, muda wake ukipita jioshe damu uswali. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim.

Kama damu yako ingekuwa ya namna mbili, siku fulani nyeusi na nzito na siku nyingine nyepesi au ya manjano, tungetazama kwanza tofauti hiyo. Umesema rangi ni moja. Basi unarudi kwenye ada yako, siku 6 kila mwezi. Zihesabu siku 40 hivi: 6 za mwanzo ni hedhi, 24 zinazofuata ni twahara, 6 nyingine hedhi, na 4 za mwisho twahara. Una swala za siku 28 za kulipa. Hukuziacha kwa ukaidi, na ule mwezi wa kwanza ulikuwa na haki ya kungoja mpaka siku ya 15, kwa kuwa hakuna aliyejua kama damu itakatika au itaendelea. Lakini deni ni deni. Kila fardhi ya wakati wake ifuatishe na moja ya kulipa, na ukiwa na nafasi usiku ongeza.

Leo hii oga josho la hedhi uswali. Kuanzia hapa utaratibu wako ni huu: subiri wakati wa swala uingie, jioshe, vaa pedi safi, halafu utie udhu kwa nia ya kuhalalishiwa swala, usali bila kuchelewa. Udhu huo unakutosha fardhi moja na sunna utakazo. Fardhi nyingine, ile ya kulipa ikiwemo, tia udhu upya. Damu ikitoka katikati ya swala usikate. Kufunga unafunga, na mumeo halali yako. Zikifika tena siku 6 za ada unaacha, zikipita unaoga, mpaka damu ikatike. Nawaambia hili na kina dada wanaoona matone tu, doa leo, doa keshokutwa: ukijumlisha muda wa damu yote ndani ya siku 15 na haukufika saa 24, hiyo si hedhi kabisa, tia udhu uswali.

Pamoja na hayo, kitabu cha fiqhi hakipimi damu mwilini. Mwanamke anayenyonyesha, anayetumia dawa za presha, akitokwa na damu siku 40, apelekwe apimwe wingi wa damu, na aangaliwe kama sababu ni sindano kweli au kuna jambo lingine. Usingoje tarehe ya kadi.

Sasa mama mkwe. Mheshimu, usibishane naye, lakini hukuua. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesema walikuwa wakimwaga nje zama za Mtume na Qur'ani inateremka, katika mapokezi ya Muslim habari hiyo ilimfikia Mtume na hakuwakataza. Maneno ya kwamba huko ni kuua kudogo yalisemwa Madina, na Mtume akayakanusha, akasema Allah akitaka kuumba hakuna wa kumzuia. Ameyapokea Abu Daud. Ipo pia Hadithi ya Judama bint Wahb kwa Muslim inayokuita kumwaga nje kuzika kwa siri, na kwa sababu yake Imamu Nawawi akakuhesabu kumwaga nje kuwa makruhu, yaani jambo lisilopendeza, hakusema haramu. Imamu Ghazali aliruhusu kumwaga nje, akafafanua kwamba hakufanani na kutoa mimba, kwa kuwa kutoa mimba ni kukishambulia kitu kilichokwisha kuwapo. Hapo ndipo mpaka ulipo. Aya ya Suratul Israai, "Wala msiwaue wana wenu kwa kuogopa umasikini," inazungumza na watu waliokuwa wakiwazika watoto waliokwisha zaliwa.

Nia nayo itazamwe. Anayezuia uzazi kwa sababu hamwamini Allah katika riziki, ana ugonjwa usiotibiwa kliniki. Wewe huna hilo. Una tumbo lililopasuliwa mara mbili, presha, na mtoto kifuani. Qur'ani imempa huyo mtoto miaka miwili kamili ya kunyonya kwa anayetaka kutimiza. Madaktari wa Shirika la Afya Duniani nao wanashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa ndipo atafute mimba nyingine.

Mlango uliofungwa ni wa kufunga kizazi. Majmaa ya Fiqhi, yaani baraza la wanazuoni wa sheria la nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kwamba kuondoa uwezo wa kuzaa kwa mwanamume au mwanamke ni haramu isipokuwa dharura yenye kupimwa kwa vipimo vya sheria. Kikao hicho hicho kilijuzisha kuzuia mimba kwa muda ili kupisha uzazi, palipo na haja, wenyewe wawili wakishauriana na kuridhiana, bila madhara, kwa njia halali, na bila kuigusa mimba iliyokwisha ingia. Daktari wako hakusema neno la kipuuzi. Mshono wa kizazi ukiongezeka, hatari ya kupasuka kizazi huongezeka. Lakini aliyasema kwa mimba ambayo haipo. Na mimi naongeza jambo ambalo wengi hawalitazami: zamani, mwenye hatari kama yako hakuwa na kinga ya kutegemea zaidi ya kufunga. Leo kitanzi au kijiti kinakinga karibu sawa na kufungwa, na siku yoyote kinatolewa. Kinga ya namna hiyo ikiwepo, kudai dharura kunakuwa kugumu. Likija kweli suala la kufunga, lisiamuliwe ukiwa juu ya kitanda cha upasuaji. Waulizwe madaktari wawili waaminifu mapema, na mumeo awepo. Kizazi kilichopasuka kikatolewa ili mama abaki hai ni jambo jingine, halina lawama.

Milango iliyobaki wazi hailingani kwa kila mwanamke, na hapa sheria inamwachia njia mjuzi wa tiba. Vidonge vyenye homoni mbili havikufai kwa presha hiyo, na ukienda dukani kununua bila kupimwa hakuna atakayekuuliza. Viko vya homoni moja vinavyofaa kwa anayenyonyesha, ila vinataka kumezwa kila siku saa ile ile, nawe una watoto wanne. Kunyonyesha peke yake hukinga sana kwa masharti matatu kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hali wala hanywi kingine, na hajatimiza miezi sita. Wako amevuka.

Mumeo hajakosea kisheria. Alizozitaja ni halali, na kumwaga nje ndiko kulikojulikana na Masahaba. Mweleze tu hivi kwa upole: katika wanawake 100 wanaotegemea kumwaga nje kwa mwaka mmoja, kama 20 hushika mimba. Kwa mwenye afya kamili hiyo ni mimba isiyotarajiwa. Kwako ni kurudi kwenye kisu na presha juu, kabla mshono haujapona vizuri. Na kalenda itahesabu nini, damu haijui mwezi wala wiki? Kondomu ni halali vile vile, nayo inasaidia wakati mnasubiri kuamua, lakini nayo kwa matumizi ya kawaida huwaponyoka wengi.

Sindano yenyewe si haramu. Tatizo lake kwako ni kwamba ikishaingia haitoki. Ikikusumbua utavumilia mpaka nguvu yake iishe, na hata ukiacha, uzazi huchelewa kurudi, mara nyingi miezi kadhaa. Kwa mtu ambaye damu imemkalisha bila swala siku 40, ningeona bora asichome ya tatu. Kijiti nacho ni homoni, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono na hukaa miaka 3 au 5 kwa kutegemea aina. Kwa presha yako hakina shida, ila damu ya ovyo ovyo inaweza kukufuata huko pia, hasa mwaka wa kwanza. Tofauti ni kwamba kinatolewa siku hiyo hiyo ukikichoka.

Kitanzi cha shaba hakina homoni, hakigusi maziwa wala presha, na hukaa miaka 10 na zaidi. Kazi yake kubwa ni kuzizuia mbegu zisilifikie yai na kulirutubisha, ndiyo maana sioni ile shaka ya kuua ikisimama. Ubaya wake ni kwamba hedhi huwa nzito na yenye maumivu zaidi, na miezi ya mwanzo huweza kuyumba. Ukipimwa ukakutwa na upungufu wa damu, nesi apime tena kama kinakufaa. Kama damu iko sawa, mimi moyo wangu unaegemea hapo, kwa sababu ya swala: hedhi yake huongezeka siku lakini kwa kawaida huja kwa zamu yake. Ikitoka 6 ikawa 8 au 9, zote ni hedhi maadamu hazikuvuka 15, na hutakuwa na hesabu za kukuumiza kichwa kama hizi. Josho halizuiliwi na kitanzi wala kijiti.

Kuwekwa kitanzi ni kufunua utupu, basi tafuta mwanamke wa kukihudumia. Majmaa mwaka 1993 iliweka mpangilio: tabibu wa kike Mwislamu, asipopatikana wa kike asiye Mwislamu mwenye kuaminika, kisha wa kiume Mwislamu, kisha asiye Mwislamu, kwa kiasi cha haja na bila faragha. Kliniki za uzazi wa mpango wengi wa watoa huduma ni wanawake, na vituo vya serikali huduma hii ni bure, kwa hiyo udhuru hapa ni mdogo. Kijiti ni mkono tu.

Kuna wanaoletewa kamba zenye mafundo za kuvaa kiunoni, wakiambiwa kila fundo ni mwaka. Hizo usizikaribie, zina ushirikina, na mimba hazizuii.

Mumeo amua naye. Hata kumwachisha mtoto ziwa Qur'ani imekutaja kwa kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili, sembuse hili. Nenda naye kliniki amsikie nesi kwa masikio yake, maana maneno ya daktari yakipita kwako hufika yamekuwa ya mkewe. Wengine huniuliza kama waweke kwa siri. Asili ni kwamba mtoto ni haki ya wote wawili na siri hiyo haifai. Lakini mume akikataa kila njia ya kinga na tabibu mwaminifu amesema mimba ni hatari kwa uhai, hapo mwanamke hajitupi kwenye maangamizo ili kumridhisha mtu. Wako hajafika huko, yeye ameleta njia yake. Mpe nafasi ya kusikia nyingine.

Kuhusu Ramadhani: kwa madhehebu yetu kinachoingizwa ukeni mchana hubatilisha swaumu, basi kitanzi kiwekwe kabla ya mwezi kuandama, na vipimo vya ndani vile vile. Kijiti, na sindano ya msuli, havifunguzi. Ukiwa bado na istihadha ndani ya Ramadhani, vaa pedi ya nje tu mchana. Ukishawekwa kitanzi andika kila tarehe damu inapoanza na inapokatika, hata nyuma ya kadi ya kliniki. Ikivuka 15 tena, niletee hizo tarehe tuhesabu pamoja.

Wallahu aalam.