Risasi ya Mwendo Mdogo: Kagua Kichwa Kwanza

Kati ya wageni wanaokuja kuwinda huku Liwale, kusini mwa Tanzania, wapo wanaofika na risasi walizojazia wenyewe. Kwao, Marekani au Afrika Kusini, mtu hununua ganda, fataki, baruti na kichwa (kile kipande kinachoruka hadi kwa mnyama), kila kimoja peke yake, kisha akakaa mezani jioni na mashine yake ndogo akajaza. Kwetu haiendi hivyo. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo usisome haya ukaenda kufungua karakana uani. Nawaandikia wenzangu wa kambini, wawindaji bingwa wachanga na wasaidizi wao, kwa sababu mgeni akikosea kuchagua kichwa, anayeingia kichakani kumfuata mnyama aliyejeruhiwa ni wewe.

Nazungumzia zile za mwendo mdogo, zinazotoka mtutuni chini ya mwendo wa sauti. Mgeni anazipendea nini? Hazina ule mlio mkali wa risasi inayopasua hewa, hazipigi bega, na kundi zima halitimki. Mimi sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba kichwa kikiwa kizito basi kazi imekwisha.

Piga hesabu. Risasi ya kawaida ya kaliba .308, yenye kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), hutoka kwa mita 790 hivi kwa sekunde, na nguvu yake inapita jouli 3,500. Sasa chukua kichwa kizito zaidi, greni 220, ukipeleke kwa mita 315 kwa sekunde. Unabaki na jouli kama 700, yaani moja ya tano tu. Uzito umeongeza kidogo, mwendo umeondoa kingi, maana nguvu hufuata mraba wa mwendo.

Na hilo si baya kuliko la pili. Kichwa laini cha kawaida kimetengenezwa kifunguliwe na mwendo. Vingi vya kaliba hii vinataka mita 550 kwa sekunde au zaidi vinapogusa nyama, ndipo ncha itanuke. Chini ya hapo kinapita kizima kama msumari kwenye papai.

Nililiona hilo kwa ngiri dume, upande wa mto Matandu. Mgeni alipiga vizuri kabisa, nyuma ya bega, hatua kama sitini. Ngiri akashtuka, akasimamisha mkia, akaondoka zake. Pale aliposimama tulikuta matone machache kwenye nyasi. Mfuata nyayo wetu, mzee wa Kingindo, alichuma jani moja, akalisugua kwa kidole, akaona povu jekundu la mapafu. Mapafu kweli, lakini damu ilikuwa haba mno, na nyasi zilikuwa bado hazijachomwa. Jua lilikuwa limeshapanda sana tulipompata. Wakati wa kuchuna, tundu la kuingilia na la kutokea yalikuwa sawasawa, kidole cha mwisho hakiingii. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini mgeni asisikie: "Bwana, huyu ametobolewa, hajapigwa."

Kichwa kilikuwa cha mashindano ya shabaha, chenye kitundu kidogo nchani. Kitundu kile kinawadanganya wengi. Kipo kwa sababu koti la shaba linalokifunika kichwa hufungwa kuanzia nyuma kuja mbele, likaacha uwazi pale linapoishia. Kazi yake si kukifungua kichwa ndani ya mnyama. Ukiona boksi limeandikwa mambo ya shabaha, liwekwe pembeni, hata mgeni akikuapia kwamba greni zake ni nyingi.

Kwa mwendo mdogo, kichwa cha kuwindia ni cha namna mbili. Ya kwanza ni kile kilichobuniwa mahsusi kifunguke polepole. Vipo vya shaba tupu vyenye shimo pana na mikato mirefu, hupasuka vipande au hukunjuka petali. Vipo pia vya risasi nyeusi (yale madini yenyewe) ndani na koti jembamba nje, kama Sub-X ya kampuni ya Hornady: ile ya greni 190 kwa kaliba .300 Blackout hutoka kwa mita 320 hivi kwa sekunde, na bado hufunguka. Swali la kumuuliza mgeni ni moja tu: kichwa hiki kinafunguka kuanzia mwendo gani? Kama jibu liko juu ya mita 300 kwa sekunde, ujue kikimfikia mnyama kitakuwa kimeshapungua kasi na hakitafunguka.

Namna ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na wazee wa gobore wangenielewa: kichwa kinene tangu mwanzo. Kaliba .45-70 yenye kichwa cha risasi laini, ncha bapa, greni 405, ina upana wa milimita 11.6 kabla haijagusa kitu. Kwa mita 315 kwa sekunde inabeba jouli 1,300 hivi. Hata isipotanuka, tundu ni tundu. Risasi laini pia haikwami ovyo mtutuni, na hilo si jambo dogo. Vichwa vyenye koti gumu vikisukumwa na baruti chache vinaweza kubaki katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ikapasua bunduki usoni pa mtu. Mlio ukitoka mdogo kuliko kawaida, simamisha mgeni, toa risasi zote, chungulia mtutu kwa mwanga. Usione haya.

Jambo jingine ni urefu. Vichwa vizito ni virefu, na vya shaba tupu ni virefu zaidi kwa uzito uleule kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko risasi nyeusi. Kichwa kirefu chenye mwendo mdogo kinahitaji mifereji ya mtutu inayozunguka upesi: .300 Blackout huzungusha mara moja kwa kila inchi 7 au 8, wakati .308 nyingi ni inchi 10 au 12. Mgeni akibandika kichwa cha greni 220 kwenye mtutu unaozungusha mara moja kwa inchi 12, kinaweza kuyumba kikiwa angani. Dawa yake ni karatasi. Mpigishe shabaha kambini kwa mita 50. Matundu yakiwa ya mviringo, sawa. Yakiwa marefu, kichwa kinaingia kwa ubavu, na boksi hilo halitoki kambini.

Karatasi hiyohiyo itakuonyesha joto limefanya nini. Sauti husafiri mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, na kila nyuzi moja huongeza kama 0.6. Kwenye nyuzi 33 za Liwale ni mita 351 hivi. Lakini baruti nayo ikipata joto huongeza kasi, hasa boksi likiachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser, na risasi ikaukaribia mwendo huo na kupiga mahali pengine. Mwache mgeni apige tena saa saba mchana, si asubuhi peke yake.

Umbali usibishaniwe. Ukilenga sawasawa kwa mita 50, kwa mita 100 risasi hiyo inashuka sentimita 20 na ushee, na kwa 150 inapita nusu mita. Mimi sivuki mita 60, na ni kwa ngiri, nsya au funo tu. Kongoni na pofu wanastahili risasi ya kawaida. Nyati usiongee: sheria inataka kuanzia .375, na hakuna mwenye akili atakayeipunguza kasi mbele ya nyati. Mwambie mgeni mapema pia kwamba mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kama amepigwa, ada iko palepale. Nimeona hilo likibadilisha mawazo haraka kuliko hesabu za jouli.

Akikubali kubeba aina zote mbili, zitenganishe. Za mwendo mdogo zikae kwenye mfuko wa kushoto wa mbeba bunduki, maganda yake yapakwe wino mwekundu kitakoni, na magazini ijazwe aina moja tu kila mnaposhuka kwenye gari. Zikichanganyika, shabaha ya moja si shabaha ya nyingine.