Njia ya ziada ya umeme wa moyo: jibu kwa mzazi wa Kondoa

Ndugu yangu wa Kondoa, umeuliza kama binti yako, ambaye ECG (kipimo kinachochora umeme wa moyo) imeonyesha ana WPW, yaani amezaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni, na ambaye moyo humwenda mbio ghafla, aendelee na vidonge au akubali kuunguzwa njia hiyo kwa katheta, mrija mwembamba unaoingizwa hadi moyoni. Mimi nilifanyiwa, na ushauri wangu ni kwamba akubali, mradi bingwa wa umeme wa moyo awe amempima.

Kwa kawaida umeme hushuka kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini kupitia mlango mmoja, ambao huuchelewesha kidogo. Aliyezaliwa na njia ya ziada ana mlango wa pili usio na bawabu: umeme hushukia mmoja, hurudi juu kwa mwingine, na mzunguko huo huweza kuupigisha moyo zaidi ya mara 200 kwa dakika. Madaktari Wolff, Parkinson na White, ambao herufi za majina yao ndizo WPW, waliieleza hali hii mwaka 1930. Hapa Dodoma niliambiwa mara presha, mara wasiwasi, kwa kuwa kila nilipofika kituoni moyo ulikuwa umeshatulia. Na inaniuma, maana kwa wengi wetu alama yake, ule mwinuko wa mapema unaoitwa wimbi la delta, huonekana kwenye ECG hata moyo ukiwa shwari.

Vidonge hupunguza vipindi, lakini njia hubaki palepale. Hatari kubwa, ingawa ni nadra, ni vyumba vya juu vikianza kutetema ovyo na njia hiyo ikaupitisha umeme wote chini bila kizuizi, kwani hapo mtu huweza kupoteza maisha.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma, walinipa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kifua hakipasuliwi: unachomwa ganzi kwenye kinena, kisha katheta hupitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Lililonitisha ni daktari kuuchokoza moyo makusudi uende mbio ili aipate njia. Nilikuwa macho, nikihisi mapigo hadi kooni. Alipoipata, ncha ya katheta iliipasha joto la takriban nyuzi 60, kifua kikawaka kidogo, na baada ya sekunde chache akanionyesha kwenye kioo cha mashine kwamba ule mwinuko umetoweka. Baadaye nililala chali kwa saa kadhaa, mguu umenyooshwa, ili kinena kisivuje damu.

Hufanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90, japo njia huweza kurudi na kazi ikarudiwa. Muulize daktari njia ya binti yako iko wapi, kwa sababu ikiwa jirani sana na mlango wa asili, kuunguza huweza kuuharibu mlango huo na akahitaji betri ya moyo, yaani kifaa cha kuupigisha moyo. Ulizeni pia bima inagharimia nini kabla hamjasafiri.

Wakati mnasubiri rufaa, atembee na nakala ya ECG yake. Moyo ukienda mbio, akae au alale na ajikamue kama anayepata choo kigumu kwa sekunde 15 hivi, kwani mara nyingine hutulia. Akizimia, au mapigo yakiwa ya kasi na yasiyo na mpangilio, mkimbizeni hospitali na mwonyesheni daktari ile nakala mara moja, kwa sababu dawa za moyo kama verapamili au digoksini katika hali hiyo huweza kumzidishia hatari.