Shangazi, nawashwa kinena na mke wangu hanisadiki

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naendesha tuktuk, kutoka mjini hadi Kisauni. Tangu joto la Januari nawashwa kinenani na mapajani. Rafiki alinipa tyubu ya kupaka, nikapoa siku chache, kisha mwasho ukarudi na kusambaa. Sasa niko tyubu ya nne. Hata mapumbu yanawaka moto, ngozi imekuwa nyekundu na nyembamba, ingawa naoga kwa dawa ya kuua viini mara tatu kwa siku. Mke wangu amehamia chumba cha watoto, asema nimeyatoa kwa wanawake. Wallahi sijatoka nje ya ndoa. Nifanyeje? — Mwenye Haya, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Mficha uchi hazai, nawe umefanya vyema kuniandikia; ila ungeniandikia tyubu ya kwanza ikiwa bado haijakwisha. Nami nitaita kila kitu kwa jina lake, usinione sina adabu.

Nianze na hiyo tyubu, maana ndiyo inayonikera. Hukutaja jina, lakini naishuku kuwa ni ile ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi, zote pamoja. Kuna maduka ya dawa yanayoiuza kama karanga, bila hata kukuuliza unapaka wapi. Steroidi huzima mwasho na wekundu upesi, ndiyo sababu ulipoa siku zile za mwanzo. Lakini pia hulegeza kinga ya ngozi mahali hapo, na fangasi wakishaona mlinzi kalala huzidi kutambaa. Ukiendelea, ngozi huliwa ikawa nyembamba, na mapajani hubaki michirizi isiyofutika. Mapumbuni ndiko kubaya zaidi. Mwaka 1967, watafiti Feldmann na Maibach walipima jinsi haidrokotisoni, ambayo ni steroidi nyepesi, inavyopenya ngozini. Walikuta kwenye mapumbu inaingia takriban mara 42 kuliko kwenye kigasha cha mkono. Na hiyo ni ile nyepesi! Zilizomo kwenye tyubu za mchanganyiko mara nyingi ni kali kuliko hiyo.

Kwa hivyo moto ulio nao sasa, naona si ule mwasho wa Januari. Ni dawa inayokuunguza, na hilo dawa la kuogea likachochea kuni. Acha yote mawili. Nakuonya mapema kwamba ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa hununa, na moto waweza kuzidi kwa siku kadhaa, hata wiki. Usikimbilie tyubu ya tano.

Mwasho wa kwanza wafanana na fangasi wa kinena. Kaskazi ya Mombasa waijua: jasho halikauki, nawe kutwa umekalia kiti cha plastiki, jinzi imebana. Tazama alama zenyewe. Fangasi huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, huku katikati pamepoa, na kwa kawaida hawapandi mapumbu. Kisha kagua katikati ya vidole vya miguu. Kama pamelainika na kumenyeka, pengine ndiko walikotoka, maana chupi huwazoa miguuni ikawapandisha juu. Vaa soksi kwanza, chupi baadaye, na miguu nayo uitibu.

Dawa yake ni krimu tupu ya klotrimazoli ya asilimia 1. Hupakwa mara mbili kwa siku, kupita ukingo wa alama kidogo, na pakishapona uendelee kama wiki mbili zaidi. Wengi hukosea hapo, mwasho ukikoma tu tyubu inasahaulika dirishani. Ila kwa jinsi ngozi yako ilivyochoka, muone daktari wa ngozi kwanza. Atakwangua magamba kidogo ayatazame kwa hadubini. Mtajie tyubu zote nne, usipunguze hata moja. Mwombe akupime na sukari, kwani fangasi wasioisha huenda ikawa ndiyo hodi ya kwanza ya kisukari.

Kuoga, maji na sabuni isiyo na manukato yatosha. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Na usije ukashauriwa ndimu na chumvi! Marehemu mume wangu alijaribu siku moja, akaruka mpaka uani, majirani wakadhani tumeingiliwa na nyoka. Ukirudi nyumbani funga kikoi, ndani usivae kitu, upepo upite.

Jambo moja hukunieleza: mwasho huzidi usiku? Watoto nao wanajikuna vidoleni na kwenye vifundo vya mikono? Kama ndivyo, huenda ni upele, nao hupenda sana uume na mapumbu. Upele hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, shuka na nguo zikafuliwa kwa maji ya moto. La sivyo mtaambukizana mpaka Ramadhani.

Sasa mkeo. Simlaumu, ameona tyubu nne na hakuna maelezo. Fangasi wa kinena hawahitaji uzinzi, taulo moja ya kuchangia yaweza kuwaleta. Lakini mimi sikuoni, wala siwezi kumwapia mtu. Kidonda kisichouma, malengelenge yenye uchungu, usaha au maumivu ukikojoa, hayo ni maradhi mengine, na mtapimwa nyote wawili. Na korodani ikiuma ghafla na kuvimba, au ukapata homa huku ngozi inageuka nyeusi, usingoje kupambazuke.

Nenda naye kwa daktari, aingie chumbani asikie mwenyewe. Kipimo cha kaswende na virusi vya UKIMWI ukikubali mbele yake, kitamwambia zaidi ya wallahi zako. Na kabla ya hapo, leo hii ukipita Kongowea, nunua taulo mbili, kila mtu na yake.